Mama Uzi Hafumui

Alihamia mji ule akiwa amenuna, na hakujisumbua kuuficha mnuno wake. Miaka kumi na tisa alikuwa ameshona madaftari ya mahakama katika kiwanda cha uchapaji cha jiji kubwa, ghorofa ya pili, kando ya dirisha lililotazama ukuta wa jengo la jirani. Ukuta ule aliujua ufa kwa ufa. Kisha kiwanda kikaleta mashine ya kubandika vitabu kwa gundi ya moto, na washonaji wakaambiwa wakae nyumbani wasubiri kuitwa. Hawakuitwa. Mwezi huohuo mumewe, fundi wa pampu za maji, akapata kazi ya kudumu katika chuo kimoja kwenye mji mdogo, mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Nenda, lakini usifungue mizigo yote," dada yake mkubwa alimwambia walipoagana. "Huko ni kijiji chenye maktaba."

"Mwaka mmoja," alijibu. "Nikizidisha, niite mjinga."

Mji wenyewe ulikuwa barabara moja, kutoka geti la chuo hadi kituo cha mabasi, na pande zote mbili milango: kutoa nakala, picha za pasipoti, saluni, viatu vya mtumba, kutoa nakala tena. Ulipumua kwa mapafu ya chuo. Wanafunzi wakirudi ulijaa hewa. Wakienda likizo ulinywea, na mbwa wakalala katikati ya lami bila wasiwasi. Wiki za kwanza alitembea barabara hiyo akiwa na mkoba kifuani, kama alivyozoea jijini, ingawa hapakuwa na wa kuupora.

Alipanga chumba mkabala wa geti. Vijana wa mkokoteni walioingiza chuma chake cha kubania vitabu walitweta kama ng'ombe wa jembe. "Mama, humu umefunga nini, maiti ya tembo?" mmoja aliuliza. "Ya mbeba mizigo aliyeuliza sana," akasema, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu ahamie.

Jirani yake wa mlango wa pili alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, aliyeitwa Gundi na mji mzima. Kwa miaka kumi na miwili Gundi alikuwa amefunga tasnifu za wahitimu kwa gundi na pasi ya umeme. Siku ya pili tu alikuja na kigoda chake, akaketi, akampa somo bila kuombwa.

"Dada, hapa tasnifu haikauki. Leo unaifunga, kesho wanairudisha. Huyu kakosea jina la mke wake kwenye shukrani, yule msimamizi wake kataka herufi kubwa. Unaweka pasi mgongoni, gundi inalainika, ukurasa unatoka kama jino la mtoto. Unatia mwingine. Kila mtu ana ukurasa wake wa kubadili, ndiyo riziki yetu."

"Kitabu kikifunguka hivyo si kitabu," alisema. "Ni bahasha."

Naye akashona. Alitoboa karatasi kwa msharasi, fungu kwa fungu, akapitisha uzi uliopakwa nta, akafunga fungu kwa fungu mpaka tasnifu nzima ikawa mwili mmoja. Ila tasnifu ya kwanza ilimtia aibu. Mkono wake, uliozoea mahakama, uliigonga kila karatasi namba nyekundu kwa mashine yake ya namba, kuanzia karatasi ya jina, na ukurasa wa mwisho akaandika kwa wino: "Daftari hili lina kurasa 212. Nimezihesabu." Akatia saini. Mwenye tasnifu, kijana wa kilimo, alipofunua alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. Ilibidi ichapwe upya na kushonwa upya, na hasara ikawa yake. Mji ulicheka wiki nzima. Walimwita Mama Mahakama, kisha jina likachoka, likabaki Mama Uzi.

Namba nyekundu aliziacha. Kuhesabu hakuacha.

Aliyemwokoa ni mzee wa maktaba, yule aliyepokea tasnifu kwenye dirisha la chuo. Alikuwa na tabia ya kuangusha kila kitabu mezani kabla ya kukigonga muhuri, na vya Gundi vilitema kurasa. Vya Mama Uzi vilitoa mlio mmoja mzito na kutulia. Mzee akaanza kuwanong'oneza wanafunzi. Msimu wa pili ulipofika, jina lake lilikuwa limeongezwa kwenye orodha ya wafungaji waliokubaliwa na chuo, karatasi iliyobandikwa ubaoni nje ya ofisi ya wahitimu: majina manne yaliyochapwa, na chini yake la tano, lake, kwa kalamu. Mfungaji asiyekuwa kwenye orodha ile, kazi yake haikupokelewa dirishani. Orodha ndiyo ilikuwa sufuria yake.

Mwezi wa kumi na moja tangu ahamie, alimshonea mwalimu mmoja wa shule ya msingi nakala sita. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mwenye mwendo wa mtu anayesikia kengele. Miaka mitano aliandika juu ya watoto wanaotembea mbali kwenda shule, na ili aandike, alitembea nao. Msimamizi wake, mhadhiri mzee aliyekaribia kustaafu, alikuwa amesoma kila sura kwa penseli, akasaini. Nakala zilikamilika Alhamisi, jalada jeusi, herufi za dhahabu. Dirisha la kupokelea lingefungwa Jumatatu. Aliyechelewa hapo angesubiri mahafali ya mwaka mwingine.

Ijumaa mchana mwalimu alirudi na nakala zote sita, na nyuma yake mkuu wa idara yake, mtu wa suti iliyonyooka na sauti ya upole.

"Mama, tuna jambo dogo sana," Mkuu alisema, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi sita, ukurasa wa wasimamizi, uleule, isipokuwa sasa jina la Mkuu lilikuwa juu na la mhadhiri mzee chini. "Toa ule, weka huu. Dakika kumi."

Mama Uzi alimgeukia mwalimu. "Aliyekusimamia ni nani?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Ni mzee."

"Na huyu bwana?"

Mkuu alitabasamu kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Siwezi," alisema Mama Uzi.

"Huwezi, au hutaki?"

"Yote mawili, ila tuanze na siwezi." Alichukua nakala moja, akaifunua, akaivuta mpaka mshono ukaonekana. "Tazama. Ukurasa huu umeshikwa na uzi unaoshika wenzake wote. Nikiukata, kisiki chake kinabaki humu ndani. Kila atakayefunua atajua palikuwa na mti."

Gundi, ambaye masikio yake hayakuwahi kukaa mbali, alichungulia mlangoni. "Mama Uzi, mambo madogo hayo! Kata, bandika juu ya kisiki, nani atakuja kuchungulia?"

"Wewe pasi yako inaungua huko."

"Ah! Haijachomekwa."

"Basi nenda ukaichomeke."

Mwalimu ndiye aliyemtikisa. Alimshika mkono, mikono yake mwenyewe ikiwa baridi. "Dada yangu, nakuomba. Yeye ndiye anayepeleka majina ya wahitimu. Miaka mitano. Wanangu wameshaiambia shule nzima kwamba mama yao anavaa joho. Fumua tu. Nani ataumia?"

Lilikuwa swali la haki, na lilimchoma mahali pasipo ngozi. Aliangalia kisu chake mezani. Jijini alikuwa ameshona maelfu ya kurasa bila kuona uso wa mtu aliyeandikwa ndani yake, lakini alijua walikuwepo: mjane mwenye kiwanja, mtoto aliyekataliwa na baba, wote wamelala katika mistari, na ulinzi wao ulikuwa uzi wake tu. Msimamizi wake wa zamani kule kiwandani alikuwa na msemo mmoja, aliousema kila karani wa mahakama alipokuja kunong'ona mlangoni akiomba ukurasa ubadilishwe: daftari halina siri na halina huruma. Akiwa kijana aliuona ni msemo wa kikatili. Sasa aliona kwamba huruma inayoombwa kwa kunong'ona daima hulipwa na mtu ambaye hayupo chumbani. Leo asiyekuwepo alikuwa mzee wa penseli.

Akamwambia Mkuu, "Mahakamani kosa halifutwi. Linapigwa mstari mmoja, lisomeke, na la sahihi linaandikwa pembeni na mwenye kulisahihisha anatia saini. Mimi nitakufanyia hivyo. Andika karatasi: mimi fulani, mkuu wa idara, leo tarehe fulani, nimeongeza jina langu kama msimamizi wa kazi hii. Saini na muhuri. Nitaishona mwishoni, nakala zote sita, ukisubiri hapohapo. Kiti hiki hapa."

Mkuu alicheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akaacha.

"Unanifundisha kazi yangu?"

"Yako siijui, baba. Nakufundisha yangu."

"Unajua jina lako pale ubaoni limeandikwa kwa kalamu tu?"

"Najua. Lifute." Alisogeza zile nakala sita kifuani pake. "Hilo halikushonwa."

Nje, Gundi alikohoa kwa nguvu ili asicheke. Mkuu alikusanya karatasi zake, akazirudisha katika bahasha, akatoka bila kuaga. Mwalimu alibaki ameketi kwenye kiti ambacho Mkuu alikikataa, ametoa macho.

"Umeniua," alisema.

"Labda. Jumatatu nenda dirishani na vitabu vyako kama vilivyo. Vina saini zote zinazotakiwa. Akitokea mtu wa kuvikataa, usilie, usibishane. Mwambie aandike sababu."

"Na asipoandika?"

"Basi hana."

Mwalimu alisimama, akabeba tatu huku tatu huku. Mlangoni aligeuka, hasira ikiwa imemrudishia rangi. "Nikikosa mahafali, wewe mwanamke, nitakuja kukaa hapa mpaka unizike."

"Njoo. Ila uje na mkeka wako."

Jumatatu mzee wa maktaba aliangusha nakala sita mezani moja baada ya nyingine, akazigonga muhuri. Mkuu alipita, akasimama, akaulizwa na mzee kama ana neno la kuandika katika kitabu cha mapokezi, naye akasema hapana, amepita tu. Jina la mwalimu likaenda pamoja na mengine.

Jumanne orodha mpya ilibandikwa. Ilikuwa safi, imechapwa yote, na ilikuwa na majina manne.

Jioni hiyo mumewe alimkuta amekaa jikoni, viazi vimemenywa nusu. Alikuwa ameshasikia, katika mji ule hata mabomba yalipeleka habari. Aliketi mbele yake, akaanza kumenya vilivyobaki.

"Dada yako alipiga simu," alisema. "Kiwandani wanatafuta mtu wa kuiangalia ile mashine ya gundi. Wamekutaja wewe." Akatupa ganda ndooni. "Ulisema mwaka mmoja. Bado wiki tatu. Mimi nitabaki na pampu zangu, nitakuja kila nikipata likizo. Sitakuzuia, mke wangu."

Miezi kumi na moja alikuwa ameisubiri sentensi hiyo. Aliwahi kuipanga kichwani, na jibu lake, na hata nguo ya safari. Sasa imekuja, na aliitazama kama sahani ya mtu mwingine iliyoletwa mezani kwake kwa makosa. Jiji lilimwita, lakini lilimwita aje aiangalie mashine iliyomtoa.

"Siendi," alisema.

"Kwa ajili yangu?"

"Usijipendekeze. Ulipohama nilikufuata wewe, nikanuna. Nikiondoka leo nitakuwa nimefukuzwa, na sifukuzwi na mtu anayeogopa kuandika barua."

"Na tutakula nini? Mshahara wangu unaujua."

"Jeuri. Ukiitia chumvi inalika."

Mumewe alicheka mpaka kisu kikamponyoka, kisha akaacha, akamtazama, maana aliona hatanii.

Asubuhi iliyofuata hakufungua chumba chake. Alivaa gauni lake la kijani, akapita geti, akapanda ngazi mpaka ofisi ya wahitimu, akamsalimu karani.

"Naomba barua," alisema. "Inayosema kwa nini nimetolewa kwenye orodha."

"Mama, barua kama hiyo haipo."

"Iandikwe basi. Nitasubiri."

Karani alicheka, akaingia ndani, akatoka na uso mwingine. Mkuu yuko kikaoni, aje kesho. Kesho alikuja, na keshokutwa. Siku ya nne alikuja na kazi: kitabu kikubwa cha kuandikia watoto wanaozaliwa, cha zahanati ya mji, kazi isiyohitaji orodha ya mtu. Aliketi kwenye benchi la ukumbini, mahali ambapo kila mhitimu mtarajiwa lazima apite, akatandaza kitambaa mapajani, akaanza kushona. Wanafunzi walipunguza mwendo. Mmoja aliuliza kama uzi ule hukatika. Akampa ncha yake, "Vuta," na kijana akavuta mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Mama, barua bado," karani alisema kutoka dirishani, kwa sauti ya chini sasa, karibu ya adabu.

"Haya, mwanangu. Endelea na kazi yako."

Akasogea kidogo kwenye benchi, mwanafunzi mmoja mwenye tasnifu kwapani apate pa kukaa, akachoma sindano katika fungu lililofuata.