Skuta Isiyovuka Njia Panda

Wifi yangu si mtu wa maneno. Siku alipoingia nyumbani kwetu kama bibi harusi, shangazi zangu walimchokoza kutwa nzima ili wamsikie sauti, wakaambulia "ndiyo" mbili na "ahsante" moja. Nikamwambia kaka, "Umetuletea kabati." Kaka akacheka, akasema kabati likifungwa vizuri halimwagi vitu vya watu. Mimi ndiye mwenye mdomo katika ukoo huu, kwa hiyo habari zake nitazisimulia mimi, maana mkimngoja yeye mtazeeka.

Mtaani wanamwita Mama Paka. Paka hana. Ana skuta ya umeme, ya buluu, yenye kiti kirefu na kikapu mbele. Kabla ya hapo alipiga pasi kwa dobi miaka mingi, amesimama asubuhi mpaka jioni, hadi miguu ikawa inavimba. Mafuta yalipopanda bei na wenye pikipiki wakaanza kutoza nauli kana kwamba wanakupeleka mbinguni, yeye na kaka waliuza friji na kabati la vyombo wakanunua skuta. Watu waliangua kicheko. Hako kadude kataupanda mlima wetu? Kakaupanda. Nauli yake ilikuwa nusu ya wengine, kwa sababu yeye hapangi foleni ya mafuta. Jioni huichomoa betri chini ya kiti, huibeba kifuani hadi chumbani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi, huichomeka ukutani kando ya kitanda. Asubuhi huirudisha, akaenda zake. Manesi, walimu, wauza mikate, wajawazito wa kliniki, wote wakawa wateja wake.

Ila chombo kile hakina sauti. Wiki ya kwanza alimfikia kwa nyuma mzee wa duka la vioo, naye kasimama katikati ya njia na kioo mikononi. Mzee aligeuka, akaruka, kioo kikawa vipande. "Mtu gani unakuja kama paka?" alifoka, na jina likaganda hapohapo.

Kaka yangu alikuwa fundi redio. Usiku ule hakulala. Akatengeneza kisanduku cha sauti, akakifunga chini ya usukani. Ukibonyeza kitufe, unasikia sauti yake mwenyewe: "Pisheni jamani, paka anapita!" Mtaa mzima ulicheka mpaka mbavu zikauma. Kaka naye akipakiwa nyuma hushindana na kisanduku chake, maneno yaleyale kwa sauti ileile, hata usijue yupi mtu na ipi mashine. Wifi hucheka kimyakimya, mabega yakimtikisika.

Mwaka jana kaka aliamka na maumivu ya tumbo, amekunjamana, jasho linamtiririka. Gari tulilopigia simu halikutokea. Wifi akasema, "Nitampeleka mimi." Kaka hakuweza kujishika, kwa hiyo nilichukua shuka nikawafunga pamoja, kifua chake juu ya mgongo wa mkewe, kama mama na mtoto wa mgongoni. Fundo nililikaza mwenyewe. Waliondoka bila mlio wowote, wakaupanda mlima.

Hospitalini nesi alikata shuka kwa mkasi. Kaka alikuwa ameshakata roho.

Alikatia wapi? Hilo ndilo swali lililoingia nyumbani kwetu likakataa kutoka. Tulipomaliza arobaini, wifi aliniita uani akanieleza, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile kwa mara moja.

Juu mlimani kuna njia panda, palipo na ghala la mbao. Kushoto ni njia fupi, mashimo matupu. Kulia ni njia ndefu, ya lami, inazunguka. Alipofika pale alipunguza mwendo akauliza, "Mume wangu, tupite wapi?" Nyuma yake sauti ikajibu, "Pisheni jamani, paka anapita!"

"Nilicheka, wifi," alisema. "Nikajua anatania. Nikasema moyoni, mtu anayetania hajazidiwa. Nikachukua njia ndefu ili nisimtikise tumbo."

"Basi kosa liko wapi?"

"Waya wa kile kisanduku ulikuwa umelegea. Siku zile kilikuwa kinaropoka chenyewe." Akatazama miguu yake. "Kama aliyejibu ni kisanduku, basi alikuwa ameshaniacha, na mimi nilikuwa nacheka na maiti. Kama ni yeye aliyejibu, alikuwa hai, na mimi nimemuua kwa njia ndefu."

Nikachukua ufagio, nikafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Tangu alipokufa kaka, wifi hakuvuka tena njia panda. Abiria wa hospitali anawashusha kwenye ghala la mbao, nao wanamalizia kwa miguu huku wakinung'unika. "Mwisho wangu hapa," anasema, anageuza. Wengine wakamhama. Lakini kisanduku hakukiondoa. Alikaza waya, basi, na kila kona ya mtaa wetu ikawa inamsikia marehemu akiomba njia. Watoto waliokuwa wakimwiga sasa walikimbilia ndani. Mama yetu ndiye aliyenitia hofu zaidi. Kila jioni sauti ile ikipita dirishani, anainuka, anachukua kikombe cha kaka, anakifuta, anakiweka mezani. Ukimuuliza, anasema anajua vizuri kwamba mwanawe amekufa. "Lakini akija akakuta hakuna kikombe?"

Kisha kukatokea jambo la chaji.

Kwenye skuta ile kuna kioo kidogo kinachoonyesha vijiti vitano. Wifi anavijua kama mpishi anavyojua chumvi. Akiwa peke yake, kutoka nyumbani hadi njia panda mlima unakula kijiti kimoja. Akiwa na abiria, unakula viwili. Sasa akawa anapanda peke yake, kiti kitupu, na mlima unakula viwili. Akipakia abiria, unakula vitatu. Alibeba betri hadi kwa aliyemuuzia, ikapimwa, ikaonekana nzima. Akabadilisha matairi. Bado viwili.

Nesi mmoja, mteja wa siku nyingi, aliteremka siku moja kwenye ghala akiwa amekunja uso. "Mama Paka, mbona leo kama tulikuwa tumebanana?" Jirani yetu mnene, yeye aliposikia chaji inaisha haraka, alijitetea kabla hajaulizwa: "Jamani msinisingizie, mimi nimepungua!" Tulicheka siku ile. Halafu nikamwona wifi anapanda kwenye skuta yake pale mlangoni, na ingawa hakuwa na abiria alisogea mbele kabisa, akaacha nafasi nyuma. Kicheko kikanikauka.

Nilivumilia hadi jioni moja mama alipoweka kikombe, akamimina na chai. Nikatoka nje kama moto. "Wifi, yatosha! Toa hicho kisanduku. Mtu amezikwa, mwacheni apumzike. Unamfuga kaka yangu kama kuku?"

Hakukasirika. Mtu huyu hata ugomvi hajui. Alisema tu, "Hajashuka, wifi. Anangoja tumalize safari."

"Basi imalize!"

"Siwezi. Nikivuka pale, nitajua." Akanyoosha mkono, funguo zikining'inia. "Alikufundisha kuendesha. Wewe ni damu yake. Panda kwa njia ile niliyopita mimi, uone anashukia wapi, uje uniambie. Chochote utakachoniambia nitakipokea. Kisanduku nitakitoa."

Ningesema hapana. Lakini mdomo uliozoea kutangulia hautoi nafasi kwa akili, nikajikuta nimeshika funguo.

Nilikwenda kesho yake saa sita mchana, jua la utosini, makusudi, maana nani aliwahi kusikia mambo hayo saa sita mchana? Betri imejaa, vijiti vyote vitano. Nilikaa katikati ya kiti, nikatanua makalio, nikasema kwa sauti, "Nafasi hakuna." Majirani waliokuwa wakiniangalia walidhani nazungumza nao.

Nilipoanza kupanda, kiti kililalamika nyuma yangu. Springi zilishuka taratibu, kama mtu anapokaa kwa adabu asimbughudhi aliye mbele. Nikatazama kioo cha pembeni: barabara, ukuta wa shule, mbuzi. Hakuna mtu. Lakini skuta ilikuwa nzito. Kona zilikuwa zinaiburuta upande, jinsi inavyokuwa ukibeba mtu asiyejua kulala na kona. Kaka yangu hakuwahi kujua kulala na kona. Nililia hapohapo, sioni haya kusema, nikaendesha huku machozi yanaingia mdomoni.

Njia panda, vijiti viwili vilikuwa vimekwenda. Seremala mmoja alikuwa mlangoni mwa ghala. Aliponiona alisogea pembeni, akapisha njia pana kuliko inavyohitaji mtu mmoja.

"Kaka," nilisema, "kama unashuka, shuka hapa. Tafadhali. Shuka hapa umwokoe mkeo."

Nilisimama kabisa, nikaweka miguu chini, nikangoja. Kiti hakikuinuka. Nikakata kulia, njia ndefu.

Lami ile ni nzuri, siwezi kukataa. Inazunguka bonde taratibu, miti pande zote mbili, na ni kimya. Sikusikia injini, kwa kuwa haipo. Nilisikia matairi, na nyuma ya shingo yangu nilisikia mtu anavuta pumzi kwa shida, fupifupi, kama anayepanda ngazi. Sikugeuka. Nilihesabu miti nisisikie, nikasikia vilevile. Pumzi zikawa zinaachana zaidi na zaidi. Tulipofika kwenye tangi la maji, kijiti cha nne kikazimika, pumzi ikavutwa moja ndefu, na skuta ikachomoka chini yangu kwa wepesi hadi nikakaribia kuingia mtaroni.

Nilisimama, nikaiegesha skuta. Ng'ambo ya bonde, paa la hospitali lilikuwa linang'aa. Njia fupi inatokea pale pale getini. Yeyote aliyeshika njia fupi, kwa muda niliotumia mimi kufika kwenye tangi, angekuwa ameshafika, ameshapokelewa, ameshalazwa kitandani na watu wamemzunguka.

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro muda mrefu nikimchukia wifi yangu. Nasema kweli, nilimchukia. Kisha nikamkumbuka siku ile anaondoka, mgongo umenyooka ili mumewe apate pa kuegemea, na chuki ikakosa mahali pa kukaa. Njia ndefu aliichagua kwa mapenzi. Haraka haraka haina baraka, si ndivyo sisi wenyewe tulivyomfundisha kila alipokuwa akiendesha kwa kasi?

Nikageuza, nikateremka. Kuteremka hakuli chaji, skuta inajiendea yenyewe. Njia nzima nilitunga maneno.

Alikuwa amekaa kizingitini, mikono mapajani. Mama alikuwa nyuma yake ndani, na kikombe.

"Njia panda," nilisema kabla hajauliza. "Palepale kwenye ghala. Nilisimama, akashuka. Kwa hiyo kile kilikuwa kisanduku, wifi. Alikuwa ameshakwenda. Njia ndefu, njia fupi, yote ilikuwa sawa. Huna kosa."

Alinisikiliza hadi mwisho. Akainuka, akaja kuizima skuta, maana mimi kwa kiherehere niliiacha inawaka. Akainama juu ya kile kioo cha vijiti.

Njia ya mwongo ni fupi, nayo yangu ilikuwa na urefu wa ule usukani. Kama mzigo ungeshuka njia panda nami nikageuza palepale, vijiti vingebaki vitatu. Kilikuwa kimebaki kimoja, nacho kinapepesa. Nilisahau kwamba yule anavisoma vile kama mimi ninavyosoma uso wa mtu.

Alikitazama hadi nikasikia mama akiweka kikombe mezani. Kisha mabega yakamtikisika, kidogo, kama zamani kaka alipokuwa akimtania. Sikujua kama analia au anacheka, na sijui mpaka leo.

"Basi ni yeye aliyejibu," alisema.

Akazima. Akanishika mkono, akaubana. "Ahsante, wifi," akaongeza. Jioni ile ile alileta bisibisi, akakitoa kisanduku, akakifunga ndani ya kile kipande cha shuka kilichokatwa na nesi, akakiweka mahali ambapo sijamuuliza. Mama alingoja dirishani hadi giza, kisha akachukua kikombe akakirudisha rafuni mwenyewe.

Hatujawahi kulizungumza tena. Anajua kwamba nilimdanganya, nami najua kwamba anajua, na tunapika kwenye jiko moja. Skuta siku hizi mlima unaila kijiti kimoja, kama zamani. Anasema ni nyepesi mno, kwamba kwenye kona anaogopa itaruka.

Asubuhi iliyofuata baada ya kukitoa kisanduku, nilimsikia pale mlangoni na mteja wake wa kwanza, mwanamke aliyembeba mtoto mwenye homa, aliyekwisha zoea kushushwa njiani.

"Mama Paka, utanishusha ghalani?"

"Nakufikisha hospitali," wifi alisema. "Ila jishike vizuri. Napita njia fupi."