Siku Tulipoinyamazisha Kabine

Pikapu yetu ilikuwa na kila kitu isipokuwa ukimya. Niliinunua ikiwa imekwisha kuzeekea mikononi mwa watu wengine, na sina kesi nayo upande wa motere, maana injini ilivuta vizuri. Lakini makelele yake! Mlango wa kushoto ulicheza kwenye bawaba, sakafu ilikuwa na matundu ya kutosha kuitazama barabara ikipita chini ya miguu, na bati la paa lilitetemeka tangu tunatoka Kasongo mpaka tunaingia Wamaza. Sokoni Wamaza watu walitusikia wakati sisi bado tuko ng'ambo ya kilima. Mimi nilijivunia jambo hilo. Gari linalosikika mbali halihitaji honi.

Mke wangu hakujivunia hata kidogo. Yeye ndiye mwenye biashara: hununua mpunga na karanga kwa wakulima wa Wamaza, hupeleka sabuni na chumvi kwa wachimba dhahabu wa Salamabila. Mimi kazi yangu ni usukani. Ndani ya kabine tunakaa sisi wawili, na abiria wanapanda nyuma, juu ya mzigo. Nyumbani kuna watoto, kuna mashemeji, kuna wageni waliosahau njia ya kwao, kwa hiyo mahali pa mtu kuzungumza na mkewe hapapo. Ungedhani basi maneno yetu yote tuliyamalizia garini. Wapi! Tulikuwa tunapigiana mayowe tu. "Simama!" "Nini?" "Nimesema simama!" Baada ya hapo alikuwa anageukia dirisha, na mimi kwa pembe ya jicho nilikuwa naona midomo yake ikichezacheza. Nilijua ananisema: shimo hili nimeliingia, lile nimelikosa kwa bahati. Nilikunja uso na kukanyaga mafuta.

Siku moja tuliporudi alikaa jikoni, akanywa maji, akaniambia kwa sauti iliyokauka:

"Baba ya watoto, mi sitapanda tena mu ile gari."

"Kwa nini?"

"Sauti inaniishia mu njia. Nikifika ku soko siwezi hata kuita muteja. Na hapa nyumbani tunaongea na watoto sawa vile tuko tunafukuza nyani mu shamba. Mi nitabaki Kasongo. Wewe utaleta mupunga, mi nitauza."

Nilicheka. Kicheko chenyewe hakikufika mbali, maana niliogopa, na siwezi kusema vingine. Nawajua madereva ambao wake zao wanabaki mjini. Mtu anarudi kutoka safari na habari za nyumba yake anapewa na jirani. Nami, pamoja na mayowe yote, nilikuwa nimezoea kugeuza kichwa na kumkuta pale kulia kwangu, kitambaa chake kimejaa vumbi. Niliamua kwamba kabine ile itanyamaza, na nilimwambia hivyo. Akanitazama kama mtu aliyeahidiwa mvua.

Vifaa vya kazi hiyo vinavyouzwa miji mikubwa Kasongo hakuna, na hata vingekuwapo, mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo kila mtu alinipa shauri la bure. Mshonaji alisema matambara. Fundi wa magurudumu alisema mipira. Sikumsikiliza hata mmoja, kwa sababu nilikuwa na akili yangu mwenyewe: pumba za mchele. Kwenye kinu karibu na msikiti wetu kuna mlima wa pumba, na anayezichukua anashukuriwa. Nikafungua milango ya pikapu upande wa ndani, nikaijaza pumba mpaka ikashiba. Matundu ya sakafu nikayafunika kwa makartoni ya sabuni. Jua lilikuwa kali, barabara kavu, na safari ya kwanza mlango ulifungwa kwa upole kama mlango wa sanduku la nguo. Mke wangu alikubali kuja "kuangalia tu". Nilitamba hadi nikawachosha watu.

Kisha mvua zikaanza. Makartoni yakawa uji siku ya kwanza. Ile milango nayo, kumbe maji ya dirishani huteremkia ndani yake na kutokea kwenye vitundu vya chini, jambo ambalo kila dereva analijua na mimi nililisahau. Na vinu vyetu, mtu wa Kasongo yeyote atakwambia, haviachi pumba bila punje. Tukiwa Wamaza, mkulima mmoja aliinama mlangoni kwangu, akainuka, akaita wenzake. Kwenye vile vitundu vilikuwa vimechomoza vichipukizi vya kijani, laini, vimejipanga vizuri kabisa.

"Shofere," aliniuliza, "huu mupunga yako utavuna siku gani?"

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, kwenye tope, na kitenge chake kipya. Mimi nilikasirika njia nzima ya kurudi. Kesho yake soko zima la mjini lilikuwa linaniita mkulima wa mlangoni, na ninajua nani alilipeleka jina lile.

Lakini kicheko kile kilimfanya aingilie kazi. Tulizoa pumba zile, zilizokwisha kunuka, akasimama mlangoni na ufagio mkononi.

"Wewe unatafuta makelele ku motere," alisema. "Tafuta kwanza ku vumbi. Kwenye vumbi inaingilia, na makelele inaingilia pale pale."

Yeye ndiye aliyekuwa anaifagia kabine kila tukirudi, na mistari ya vumbi aliijua: kando ya milango, chini ya pedali, nyuma ya kiti. Tulifuata mistari hiyo. Matundu ya sakafu tuliyaziba kwa bati la madebe ya mafuta. Kingo za milango tulizizungushia utepe tuliokata kwenye mpira wa ndani wa gurudumu, tukaugandisha kwa gundi ya mafundi viatu. Kila kipande cha bati kilichocheza tulikikaza kwa bolti, na chini ya bolti tukaweka viduara vya mpira tulivyovikata kwenye ndara zilizokatika. Nyumba yenye watoto haikosi ndara zilizokatika. Sakafuni tulilaza mipira ya ndani ya magurudumu ya lori, juu yake magunia, juu ya magunia mkeka mkuukuu. Karibu na bomba la moshi tuliacha bati wazi, maana pale joto lingeunguza kila kitu. Mwisho alichana godoro letu la zamani la sponji vipande vyembamba, akavishonea kitenge, tukavigandisha kwenye paa kwa ndani. Tulichonunua ni gundi tu.

Tulipoondoka na mzigo, abiria juu, mimi na yeye tuliona haya. Kweli kabisa, kama wachumba. Motere ilinguruma kwa mbali, na nilisikia bangili zake zikigongana. Nikakazia macho barabara. Yeye naye aligeukia dirisha, na nikaona midomo inaanza kuchezacheza kama siku zote. Nikajiandaa kutukanwa.

Alikuwa anaimba. Ulikuwa wimbo wa arusi, ule ambao wanawake wa mtaani kwetu humwimbia bibi arusi akitolewa nje.

"Unaimba?"

"Mi naimbaka siku zote mu hii gari. Ulifikiri niko nafanya nini?"

Sikumwambia nilifikiri nini. Nilimwambia aendelee, akaendelea, na nilifurahi kiasi cha kusahau kama nina abiria.

Hapo ndipo pikipiki ilipotupita kwa kasi, dereva wake akipunga mkono kwa hasira na kuonyesha juu yetu. Nilisimama. Mama mmoja mkulima, aliyekuwa anarudi kutoka kuuza kuku Kasongo, aliteremka kwenye mzigo akiwa ameushika mkono wake. Kijiji chake tulikuwa tumekipita zamani. Barabara zetu hazina vituo: anayetaka kushuka hupiga bati la paa, na dereva husimama. Na sisi bati lile tulikuwa tumelilaza kwenye godoro.

"Nimepiga mpaka mukono imevimba!" alinifokea. "Mulikuwa mumelala mule ndani?"

Nilimwomba radhi, nikageuza gari huku abiria wengine wakiguna. Mke wangu alimpa kipande cha sabuni na kumkalisha katikati yetu. Tulienda kidogo, yule mama akageuka huku na huku, hasira ikimtoka.

"Lakini humu iko sawa kanisa siku ya kazi," alisema.

Tulipomfikisha kwake, nilizima motere nikabaki nimeshika usukani. Nikilibandua lile godoro, makelele yatarudi, na mke wangu atabaki Kasongo. Nikiliacha, nitakosa abiria wote. Nilimweleza hivyo hivyo, bila kuficha. Alitoa wembe kwenye mfuko wake, akainua mikono, akakata kitenge na sponji, duara ya ukubwa wa sahani, pale pale juu ya kichwa chake.

"Watapiga hapa," alisema. "Wewe hutasikia vizuri, uko mbali. Mi nitasikia."

"Basi itabidi uje kila safari."

"Sasa? Nani mwingine atasikia?"

Siku hizi duara ile imepakwa rangi nyeupe kwa nje, juu ya bati, na abiria wa njia yote wanaijua. Wakipiga, yeye hukata wimbo katikati na kuniambia, "Simama, mutu anashuka." Nasimama. Mtu anashuka, anavuta gunia lake, anaaga. Walio juu wanapiga tena, maana yake twende. Mimi siendi. Nakanyaga klachi na kusubiri, na wakipiga mara nyingine nawaacha wapige, mpaka aushike wimbo pale alipouachia. Hapo ndipo natia gia.