Chatu Aliyeharishwa na Maziwa

Nilipoolewa, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, wa kwanza kuzoeana naye nyumbani kwa wakwe zangu alikuwa chatu. Alikuwa mchanga bado, amezidi kidogo tu urefu wa mkono wangu, na alilala ndani ya kikapu karibu na vihenge vya ulezi. Baba mkwe alimwokota kwenye kichuguu huko malishoni, akamleta nyumbani ale panya. Wakwe zangu walikuwa Wakristo wa kusali kila Jumapili, lakini chatu walimheshimu kama walivyorithi kwa wazee wao: hauawi, hatukanwi, na akiingia kwako anatengewa maziwa. Nilipomuuliza mama mkwe kama si huyu huyu aliyetuponza Edeni, alinijibu, "Yule hakuwa na kazi. Wetu anakamata panya."

Kwetu ni Nyaishozi, kwa wakulima wa ndizi na kahawa. Wao walikuwa wafugaji wa mbugani, upande wa Murongo, na desturi yao ilikuwa bibi harusi akae ndani miezi kadhaa, asilime, asichote maji, anywe maziwa mpaka mashavu yajae. Msichana mwingine angedhani ameingia peponi. Mimi na maziwa hatupatani tangu utotoni. Kikombe kimoja chatosha kulifanya tumbo lingurume, na hapo naletewa chombo kizima asubuhi na kizima jioni, mama mkwe amesimama mikono kiunoni akingoja nimalize. Nilikunywa, nikatabasamu, kisha nikaenda kujikunja kitandani. Kumwaga maziwa lilikuwa kosa kubwa, na kusema yanakudhuru ni kuwatukana ng'ombe. Nikanyamaza, na mimi kunyamaza si kazi yangu.

Chatu akawa shoga yangu. Kwa kuwa nilishinda ndani, niliachiwa kumwangalia. Alikula kipanya kimoja kila baada ya siku nane au tisa, nami kwa upweke nikampakata hata akiwa ameshiba, nikamsimulia umbea wote wa kwetu.

Masika yalipoingia na nyumba ikapoa, chatu akatapika. Kipanya kilitoka nusu kimeyeyuka, kwa harufu ambayo sitaieleza. Baba mkwe akaamuru apewe maziwa. Katika nyumba ile maziwa yalikuwa dawa ya kikohozi, ya macho, hata ya huzuni. Chatu alikuwa na kiu, akayanywa, na kesho yake akaharisha. Wakaongeza maziwa. Mimi nami, Mungu anisamehe, nikamwongezea yangu, nikiona nimepata njia ya kuyapunguza bila kuyamwaga. Akazidi kulegea, akawa kama kamba iliyolowa.

Shangazi wa mume wangu akaja kututembelea. Alimtazama chatu, akanitazama mimi, akasema chatu akifia ndani na bibi harusi yumo, basi bibi harusi ndiye aliyeleta nuksi. Arudishwe kwao kabla ng'ombe nao hawajaanza kufa. Mama mkwe hakumkatalia. Niliogopa sana. Nilimpenda mume wangu, na sikutaka kurudi Nyaishozi na jina la nuksi.

Asubuhi baba mkwe akaja kumjulia hali mgonjwa. Kwa desturi yao mke wa mtoto hakuonana na baba mkwe wala kusema naye. Yeye aliketi upande wa pili wa kiambaza cha matete, na maneno yakapitia kwa mama mkwe, ingawa tulisikiana hata pumzi.

"Muulize mkweo, chatu amekunywa?"

"Baba yako anauliza, chatu amekunywa?"

"Mwambie baba amekunywa, mama. Ndiyo maana anakufa."

Hilo mama mkwe hakulipitisha. Nikaona maadamu nimekwisha kuanza, bora nimalize. "Maziwa yanamharibia tumbo. Apewe maji, asogezwe karibu na meko, asipakatwe, na aachwe na njaa mpaka atulie."

"Muulize amejuaje."

"Kwa sababu na mimi yananifanya hivyo hivyo," nikasema, na kilio kikanitoka.

Shangazi aliguna kwa nguvu. Baba mkwe akasema, "Muulize tangu lini."

Mama mkwe akaanza kuhesabu. "Chatu? Tangu juzi ile mvua..."

"Si chatu. Huyu mtoto."

"Tangu siku niliyofika, tata," nikajibu mwenyewe, nikimwita baba kwa lugha yao. Akakohoa, akachukua fimbo yake, akaenda kwa ng'ombe.

Mchana kutwa niliwaza jinsi nitakavyorudishwa. Nilikunja nguo zangu, nikazikunjua, nikazikunja tena. Mama mkwe alikisogeza kikapu karibu na meko, akatia maji kwenye kigae. Nisimwache mtu roho juu: chatu alipona. Alikaa na njaa Jumapili mbili, kisha akameza kipanya kichanga kisicho na manyoya, na hakikurudi.

Jioni ya siku ile ile mama mkwe aliingia bila chombo cha maziwa. Alibeba sahani ya ndizi na maharage. Katika nyumba ile aliyekula maharage hakugusa maziwa siku hiyo, wasije ng'ombe wakaugua viwele, kwa hiyo bibi harusi hakupikiwa maharage kamwe.

"Tata yako amesema utakula hivi," akaniambia. "Kila siku."

"Na mashavu?"

"Yatajaa kwa ndizi. Kama hayakujaa, tutamwambia mumeo aoe chura."

Nilicheka huku natokwa na machozi, nikashindwa hata kumega. Mama mkwe, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kulala bila maziwa, alinawa mikono, akaketi karibu yangu, akamega ndizi, akachovya kwenye maharage, akala.