Programu mbili zilinithibitishia protini za mkorosho, kumbe shahidi alikuwa mmoja

Wakuu, salaam. Hii si chai. Yalinikuta nyumbani Mchinga mwishoni mwa Ramadhani, na bado yananikereketa.

Nasoma masters, mambo ya bioinformatics, yaani kuchambua data za viumbe kwa kompyuta. Kazi yangu ni ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaomaliza maua ya mikorosho. Natafuta kama protini moja ya ukungu ule inashikana na protini ya kinga ya mkorosho.

Maabara sina. Nina laptop tu.

Programu ya kwanza ikasema zinashikana. Ya pili nayo hivyohivyo. Nikaandika kwenye thesis: "imethibitishwa."

Msimamizi wangu akafurahi, akataka kuwapelekea wenzake wanaochagua miche ya kuzalisha. Kwetu tuna mikorosho kule Milola, so mnaelewa nilivyovimba kichwa.

Sasa, jioni ya mwezi ishirini na tisa. Baba yumo kwenye kamati ya msikiti inayopokea mashahidi wa mwezi, na wa Idi wanatakiwa wawili. Wakaja jamaa wawili nyumbani, Hamisi na mwenzake, wanasema mwezi umeandama. Mama alishakanda unga wa maandazi. Hamu ya Idi tunayo wote, baba akiwa wa kwanza.

Baba akamgeukia yule wa pili. "Wewe umeuona?"

"Nilikuwa na Hamisi, mzee. Kanionyesha upande ulipo."

"Nakuuliza wewe, umeuona?"

"Hamisi kauona."

Baba akacheka. "Basi shahidi mmoja, midomo ndo miwili. Kesho tunafunga."

Mama alinuna. Mimi nikakumbuka thesis yangu.

Programu zangu zote mbili zimefundishwa kwa data ileile, kutoka hifadhidata moja. Ile ya pili haikuona kitu. Ilikuwa na Hamisi tu.

Kesho yake, na saumu yangu, nikafanya jaribio nililokuwa nalikwepa. Nikaharibu kwenye kompyuta zile sehemu zinazodaiwa kugusana, nikaendesha upya. Kama kweli zinashikana, alama zinazotolewa na programu zilitakiwa kushuka.

Hazikushuka hata kidogo. Yaani ningeiletea hata protini ya samaki, ingesema ndiyo.

Iliniuma, sifichi. Nikampigia msimamizi asipeleke. Akauliza, "Na kuhitimu?" Nikamwambia kutasubiri.

Nilichojifunza: majibu yakifanana, uliza kwanza yametoka wapi. "Imethibitishwa" nimeifuta, sasa inasomeka "inadhaniwa". Maandazi tulifuturia.

Wajuzi wa haya mambo, shahidi wa pili nimtoe wapi? Ila kama jibu umelisikia kwa mwenzako, mwambie aje mwenyewe.