Mbuzi wa Kumrudisha Bibi

Baba mkubwa alipiga simu asubuhi, akanitaka nimwambie bibi kwamba anaweza kurudi nyumbani Mkongani, mradi akubali kutakaswa kwanza. Hakuomba kusema naye mwenyewe. Mchungaji wa kanisa ameshakubali, alisema, na mbuzi yupo.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chetu cha kupanga hapa Ukunda, akichambua mchicha. Alikuwa akiishi nasi, mimi na mama, tangu nyumba yake ilipochomwa moto. Mtoto wa baba mkubwa aliugua homa akafa, na kwa kuwa bibi alikuwa mke mwenza wa mama yake baba mkubwa, tena mwenye mvi na macho mekundu kwa moshi wa kuni, hapakuonekana haja ya kutafuta sababu nyingine. Walimwita mchawi mchana kweupe. Baadhi ya walioshika mafuta ya taa aliwazalisha mama zao kwa mikono yake.

"Nitarudi," alisema, hata sijamaliza kueleza.

"Bibi, wanataka ukiri."

"Nimesikia, mume wangu. Nyumba ndiyo iliyoungua, si masikio."

Ndivyo anavyoniita, kama mabibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Kwangu huongeza kwamba ni mume wa vitabu, chakula haleti.

Nina shahada ya ualimu, masomo ya dini na historia, na sina darasa la kufundisha. Mtu wa namna hiyo akipewa jambo la kuwaza, huliwaza hadi linaoza. Wiki ile sikula vizuri. Nilirudi kwenye yale niliyosomeshwa kuhusu dhabihu za Wayahudi wa kale, nikayasoma kama mtu anayetafuta kosa katika hukumu.

Katika sheria ya Musa, mtu wa kawaida aliyetenda dhambi alileta mnyama wake mwenyewe, asiye na kilema, akaweka mkono juu ya kichwa chake. Mkono ule ndio uliosema: huyu ni wangu, na kosa ni langu. Damu ilikuwa uhai, na uhai ulirudishwa kwa mwenyewe, Mungu. Lakini dhabihu ile ilikuwa hasa kwa makosa ya kutokujua. Aliyetenda kwa kiburi, macho makavu, hakupewa mbuzi wa kujifichia. Na hata mkutano mzima ulipokosea bila kujua, palikuwa na utaratibu: wazee wenyewe ndio walioweka mikono juu ya kichwa cha ng'ombe. Baadaye, Hekalu lilipovunjwa na madhabahu yakaisha, walimu wa Kiyahudi waliwafundisha watu kurudi kwa Mungu kwa toba, sala na sadaka. Wakasisitiza kwamba kosa baina ya mtu na mwenzake halifutwi na siku yoyote takatifu mpaka aliyekosa aende akamridhishe aliyemkosea.

Nilipofika hapo nilisimama, nikazunguka chumba. Nani alimkosea nani? Na sisi Wakristo, tunaoimba kila Jumapili kwamba dhabihu ilitolewa mara moja ikatosha, tulikuwa tunamtafutia nini mbuzi?

Siku yenyewe tulifika Mkongani mapema, nami nikamwendea mchungaji kabla watu hawajajaa. Nilimwamkia, nikamwuliza swali lile la mwisho. Hakukasirika. Alikuwa akifuta vumbi kwenye viatu vyake kwa jani la mgomba.

"Mwanangu," alisema, "damu ya Yesu ni ya mbinguni. Hii ni ya majirani."

"Basi majirani waweke mikono. Wazee wote waliokuwapo nyumba ilipochomwa. Hata katika sheria ya kale—"

"Hiyo ni ya Wayahudi."

"Na huyu mbuzi je?"

Akanitazama kwa huruma, kama daktari anayemtazama mgonjwa anayejitibu. "Wataka bibi yako arudi, au wataka kushinda?"

 Mpaka leo ninatunga jibu.

Mbuzi aliletwa na baba mkubwa. Bibi alimtambua kabla hajafungwa chini ya mnazi. Alikuwa wa ukoo wa mbuzi wake mwenyewe, wale aliowaacha alipokimbia na ambao baba mkubwa alikuwa "akimtunzia". Kati ya wote aliowatunza, alikuwa amemchagua mwenye kuchechemea.

"Mama yake alikuwa na maziwa mengi," bibi alisema, akampapasa shingo. "Yuko wapi mama yake?"

"Alikufa," baba mkubwa akajibu.

"Hao wangu wanakufa sana."

Wanawake wawili walicheka, wakajiziba midomo.

Kwetu, karamu ikiwa ya majirani wote, mchinjaji huwa Mwislamu, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Kwa hiyo alikuwapo mzee wa jirani na kisu chake, mtu wa heshima ambaye hakuwa na sehemu katika yale ya moto. Mchungaji alikuwa ameshawatangazia watu kwamba mnyama huyu anabeba dhambi. Mzee akasikia, akashusha kisu.

"Huyu ni wa nini?" aliuliza. "Niambieni nijue nia yangu. Mimi sichinji mnyama aliyetwishwa dhambi za mtu. Kila nafsi na mzigo wake."

 Baba mkubwa akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini, lakini nilisikia: "Ni kitoweo tu, sheikh."

"Kitoweo?"

"Kitoweo."

"Haya. Kitoweo nitachinja."

Nilimtazama mchungaji. Alikuwa akitafuta kurasa.

Bibi aliitwa mbele. Nilitaka akatae. Nilitaka aseme jambo moja la kuwachoma, kwani mdomo anao. Aliweka mkono juu ya kichwa cha mbuzi, na mbuzi akaulamba mkono wake wa pili.

"Sema, mama," mchungaji alimhimiza.

"Nimekosa."

"Umekosa nini?"

"Nimekosa," alirudia, kwa sauti ile ile, kama mtu anayetaja jina lake ofisini.

Mchungaji alimwangalia baba mkubwa, baba mkubwa akaitikia kwa kichwa, wakasema amina. Mzee akamgeuza mbuzi kuelekea Kibla, akataja jina la Mungu, kazi ikaisha haraka.

Kwenye mambo yale ya kale, aliyeleta dhabihu ya dhambi hakula nyama yake. Hapa kila mtu alikula, na aliyekula zaidi alikuwa baba mkubwa. Bibi alisema meno yanamsumbua, akanywa mchuzi.

Tulipokuwa tunaosha mikono nilimwuliza kwa nini alisema.

"Ningesema nini? Babu yako amelala pale." Alionyesha kwa kidevu upande wa makaburi. "Niende nikazikwe Ukunda, nyuma ya vyumba vya kupanga, na watu nisiowajua? Wewe una miaka ya kuwaza. Mimi nina hii iliyobaki."

"Lakini ni uongo, bibi."

"Ni wangu," alisema. "Wewe usiubebe."

Walimjengea chumba kimoja cha udongo, na mabati yakatoka kanisani. Nilikwenda kumwona baada ya mvua za masika. Nilimkuta akipalilia kunde, amenenepa kidogo, akanitania kwamba bado sijamwolea mke mwenza. Alikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu inaniuma.

Nilipoondoka, jirani mmoja alinisindikiza hadi njia kubwa. Ni mama mpole, mmoja wa wale waliocheka siku ile, na alikuwa amenibebea mihogo.

"Tunashukuru Mungu," alisema. "Bibi yako sasa ni mtu mzuri sana. Hata watoto tunawatuma kwake. Tangu alipokiri akaacha, hatujaona baya."

"Mama, bibi hakuwa na cha kuacha. Hakumfanya mtu chochote, kamwe."

Alinishika mkono, akaupigapiga taratibu.

"Najua, mwanangu," alisema. "Yameshasamehewa."