Jioni Mama Alipopiga Magoti Uani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, mama yangu alifungiwa ndani ya nyumba kwa sababu ya mwezi. Najua kuna atakayecheka. Mimi si mtu wa masomo mengi, ni mtu wa kanisa tu, kwa hivyo nitaeleza nilivyoona, na pale ambapo sikuelewa nitasema sikuelewa.

Tulikuwa tunakaa Kitengela, kwenye ploti ya nyumba za mawe zilizoshikana. Siku hizo Kitengela haikuwa na ghorofa. Nyuma ya ploti ilikuwa ni nyika tupu, na kukiingia giza simba walikuwa wanatoka mbugani kufuata ng'ombe wa Wamaasai, kwa hivyo landilodi alifunga geti la mabati mapema. Baba alikuwa karani kwenye kiwanda kimoja huko Athi River. Sisi ni watu wa Bungoma, na kwetu hapo palikuwa pa kazi tu, nyumbani palikuwa kwingine.

Mama alikuwa mjamzito. Kabla ya hiyo, mimba mbili zilikuwa zimetoka, na baada ya ile ya pili alikaa muda mrefu sana bila kuimba akipika. Ndiyo sababu Kukhu, mama yake Baba, alikuja kutoka kijijini kumchunga. Alishuka kwenye basi na kuku, na kikapu cha dawa za mizizi, na sheria zake. Sheria iliyozidi zote ilikuwa hii: mwanamke mwenye mimba hatazami mwezi.

"Mwezi ukimwona mtoto kabla mama yake hajamwona," alisema, "unamwachia alama."

Kwa hivyo jua likianza kushuka, Mama aliingizwa ndani. Pazia lilibanwa kwa vibanio vya nguo. Choo kilikuwa ng'ambo ya ua, basi Mama akawekewa ndoo. Kukhu akitoka, hata kama ni kwenda kuchota maji tu, alisukuma komeo la nje. Mama hakubisha. Nadhani baada ya kupoteza wawili, mtu hana nguvu ya kubishana na yeyote anayesema anajua.

Taabu ni kwamba mwaka huo huo Baba alinunua darubini. Kuna mzungu aliyekuwa anahama, anauza vitu vyake vya nyumba, wenzake Baba wakanunua viti na masufuria, yeye akaja na bomba refu jeupe lenye kioo mbele na miguu mitatu ya mbao. Kukhu aliliangalia akauliza, "Na sufuria zilikuwa zimeisha?" Kila jioni ambayo mwezi ulikuwapo, Baba alilisimamisha uani karibu na tangi la maji. Alisema mwezi mzuri ni ule wa nusu, kwa sababu vivuli vyake vinaonyesha milima, na ule unakuwa juu hata jua halijazama. Sisi watoto wa ploti tulipanga foleni. Uliuona mwezi kichwa chini miguu juu, na kabla hujashiba kuuangalia ulikuwa umeteleza ukatoka kwenye kioo.

Kisha Baba alisogea dirishani akamsimulia Mama kupitia pazia.

"Leo kuna shimo lenye kilima katikati."

"Kubwa kama nini?" Mama aliuliza kutoka ndani.

"Kubwa kuliko Kajiado nzima."

"Mwacheni!" Kukhu alipaza sauti. Na Baba aliondoka dirishani. Alimwogopa mama yake, na siwezi kumlaumu, mimi pia nilimwogopa.

Jumamosi moja kukawa na mzigo wa Kukhu umekuja na basi, akaenda na Baba stendi kuuchukua. Baba alikuwa ameshaielekeza darubini, akaniambia niilinde, mtoto asiiguse. Jua lilikuwa bado lipo kidogo, na nusu ya mwezi ilikuwa juu kabisa. Nikasikia sauti ya Mama kwenye ufa wa mlango.

"Nekesa. Wameenda?"

"Wameenda."

"Mama Deno je?"

Mama Deno alikuwa jirani yetu wa mlango wa tatu, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu. "Mlango wake umefungwa," nikasema.

"Nifungulie, mama."

Nikavuta komeo. Alitoka, akasimama tu, mikono kiunoni, akivuta hewa kama mtu aliyetoka kwenye moshi. Halafu akaja kwa darubini. Kwa sababu mwezi ulikuwa juu sana, lile bomba lilikuwa limeinuka, na tundu la kutazamia likawa chini, usawa wa magoti. Baba alizoea kuchutama. Mama na tumbo lile hangeweza. Alijaribu kuinama, ikashindikana. Akatandika gunia akapiga magoti.

"Sioni kitu."

"Usishike, Mama, inatetemeka. Funga jicho moja."

"Lipi?"

"Lile lingine!"

"Ona huyu, ananifokea." Kisha nikamsikia akisema polepole, "Yesu wangu. Ni kama uji mzito ukianza kutokota." Mwezi ukamtoroka, nikalisogeza bomba, akaupata tena, akacheka. Kicheko hicho nilikuwa nimekisahau.

Hapo ndipo Koko alifika kwenye uzio wa nyuma. Koko ni nyanya, kwa Kimaasai, na sisi sote tulimwita hivyo yule mzee aliyekuwa anatuletea maziwa ya jioni kwa kibuyu.

"Takwenya, yeyo," alimsalimia Mama kwa Kimaasai.

"Iko," Mama akaitikia kwa lugha hiyo hiyo, akiwa bado magotini. Mimi nikainamisha kichwa kama watoto wa kwao wanavyosalimia, Koko akanigusa utosini kupitia waya. Uso wake ulikuwa umejaa furaha.

"Leo umejua," akamwambia Mama, akiuonyesha mwezi kwa kidole. "Unaomba olapa."

"Siombi, Koko. Naangalia tu mwezi."

"Kuangalia mkono tupu? Na iko mtoto kwa tumbo?" Akasikitika kweli. "Huyu ni bibi ya jua. Bwana yake alimpiga. Jicho ikatoka, mdomo ikapasuka. Ukienda kuona mama ameumia, si unaenda na maziwa?"

Akang'oa majani mabichi pale tangi lilipokuwa linavujia upande wake wa uzio, akayatia kwenye mdomo wa kibuyu, akakipitisha juu ya waya. Wanawake wa kwao wakiwa na mimba hufanya hivyo, wanauonyesha mwezi maziwa na kuyamwaga chini wakiomba mtoto atoke salama. Mama alikipokea kwa sababu huwezi kumwachia mzee mkono ukiwa hewani. Baada ya kupokea ndipo akaona ameshika nini. Aligeuka kunitazama kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Nyumbani alikuwa amefungiwa na imani ya Kukhu, na sasa alipotoka nje alikutana na ya Koko, na zote mbili zilimtakia mtoto wake mema. Nilikuwa karibu na nilisikia alichosema. Alimwaga kidogo chini, akasema, "Bwana Yesu, nipe huyu."

"Naai," Koko akaitikia. Hiyo ni kama amina yao.

Nilipoinua macho nilimwona Mama Deno mlangoni kwake, ameshika beseni la maji machafu. Alituona sisi, akauona mwezi, akakiona kibuyu. "Mungu wangu," akasema, akarudi ndani na maji yake.

Mama alikimbilia nyumbani mbio za tumbo. "Funga, Nekesa. Funga haraka." Nikasukuma komeo kutoka nje. Mkono huu huu ninaoandikia ndio uliomfungia mama yangu.

Mtoto alizaliwa Kajiado, hospitalini, mvulana mzima mwenye sauti kubwa, na mdomo wake wa juu ulikuwa umepasuka hadi puani. Hakuweza kunyonya. Alilishwa kwa kijiko. Wakamwita Simiyu kwa kuwa ilikuwa kiangazi.

Kukhu alimfunua, akamfunika tena. Akaniketisha jikoni. "Mama yako alitoka nje? Aliangalia?"

Nilikuwa nimefundishwa Shule ya Jumapili kwamba waongo wana sehemu yao motoni. "Ndiyo," nikasema.

Kisha akaja Mama Deno na akina mama wawili wa kanisa. "Alimwaga maziwa?"

"Ndiyo, lakini..."

"Alipiga magoti?"

"Ndiyo, lakini lile tundu lilikuwa chini, na tumbo..."

"Mtoto, jibu ulichoulizwa."

Koko naye alikuja kwenye uzio, akatazama mtoto, machozi yakamtoka. "Mimi nilikuambia umpe," akamwambia Mama. "Wewe ukamwaga kidogo kama chumvi."

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Kwa Kukhu kosa lilikuwa kutazama. Kwa Mama Deno kosa lilikuwa kumwaga. Kwa Koko kosa lilikuwa kumwaga kidogo. Hakukuwa na pahali Mama angesimama pale uani asiwe na hatia kwa mtu. Na shahidi wa wote watatu nilikuwa mimi, nikisema ukweli.

Nesi alimweleza Baba kwamba mdomo wa mtoto hushikana mapema sana, hata tumbo halijaanza kuonekana, kwa hivyo jioni ile Simiyu alikuwa tayari hivyo alivyo. Baba akamrudia Kukhu na maneno hayo kama mtu aliyebeba mayai. Kukhu akasema, "Kwani hapo mapema mwezi haukuwa unapita dirishani?"

Kanisani Mama alitolewa kwaya akakalishwa benchi la nyuma, mtoto amefunikwa shali uso mzima. Aliambiwa atarudi akitubu mbele ya watu kwamba aliupigia mwezi magoti. Hakutaka. "Nitatubu kufunguliwa mlango," alimwambia Baba. "Nitatubu hata kukubali maziwa. Lakini kuabudu sikuabudu, na sitamdanganya Mungu nyumbani kwake." Basi akakaa benchi lile, mvua zikaja zikaisha. Akiimba ilibidi aimbe chini chini, kwa sababu aliyewekwa kando hakutakiwa kusikika.

Mwisho Baba, mtu mwoga vile, alimwalika mchungaji chai jioni, mwezi ukiwa nusu. Hakusema neno juu ya kesi. Mama alipakua mahamri na kubaki mlangoni na mtoto. Baba akasimamisha darubini, akamkaribisha mchungaji aone kazi ya Muumba. Mchungaji alikuwa mtu mnene, amevaa suti. Akainama, akashindwa. Akachutama, akayumba. Tulimtazama wote, Mama Deno pia, aliyekuwa ametoka kuona kuna nini. Mchungaji akashika suruali yake magotini, akaivuta juu kidogo, akapiga magoti.

Alitazama kwa muda mrefu. "Loo," alisema. "Loo, Bwana asifiwe."

Hakuna aliyecheka. Ni alipotaka kuinuka ndipo alipotambua mahali alipo. Akatuangalia, akamwangalia Mama. Mama hakumwangalia, alikuwa anamfuta Simiyu maziwa shingoni.

"Nitaongea na wazee," mchungaji akasema, akipangusa udongo.

Jumapili moja Mama alirudi kwaya. Haikutangazwa kwamba alionewa. Alirudi tu, kama mtu aliyekuwa safarini. Kukhu alirudi kijijini akiamini alichoamini, na hatukumbadilisha hadi tulipomzika. Simiyu alishonwa na madaktari waliokuja kutibu watoto kama yeye, na leo ni mwanaume mwenye duka la dawa za mifugo huko Bisil, mwenye utani mwingi.

Ningependa kuishia hapo. Lakini nilipoolewa na kupata mimba yangu ya kwanza, tukiwa tumepanga nyumba huko Tuala, nilianza kufunga mapazia jua likizama. Sikuambiwa na mtu. Mimi nimeokoka, nafundisha Shule ya Jumapili, nilimsikia nesi kwa masikio ya Baba, na bado jioni sikutoka. Mume wangu alidhani ni uchovu. Mama alikuja kunitembelea, akakaa siku kadhaa akiniangalia tu.

"Nguo zako ziko nje," akaniambia jioni moja.

"Zitalala. Nitaanua asubuhi."

Akaweka kikombe chini. "Mimi nilifungiwa na watu, Nekesa. Wewe nani amekufungia?"

Nilitoka. Mwezi ulikuwapo, nilijua kwa kivuli changu kilichokuwa kinanitangulia ukutani. Nilianua kila kitu, hata soksi, polepole, ili Mama aone siogopi. Lakini macho sikuyainua.

Binti yangu alizaliwa bila alama yoyote. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikasikia. Na wakati huo huo kulikuwa na kona ndogo moyoni mwangu inayosema: ni kwa sababu hukutazama. Kona hiyo naiombea hata leo, na sijaweza kuisikia ikinyamaza.