Maji ya Jiwe Jekundu

Mimi Veneranda wa Mlandege si mtu wa kunyamaza, muulize yeyote pale sokoni ninapouza nyanya. Ila siku ile kwenye kituo cha afya mdomo huu uliniumbua.

Marehemu mume wangu aliniachia jiwe jekundu alilolitoa machimboni. Wachimbaji wenzake waliamini jiwe jekundu linaongeza damu. Mimba zangu zote tatu nilililoweka jioni, asubuhi nikanywa maji yake, na damu ikapanda. Basi wanawake wa mtaani wakawa wanaliazima. Mjamzito anakaa nalo mwezi, kisha anampa mwenzake.

Wifi yangu Rozalia, mke wa kaka, alipobakiza miezi miwili ajifungue, kipimo cha damu yake kilisoma tisa, wakati mjamzito anatakiwa afike kumi na moja. Nesi akampa vidonge vya kuongeza damu. Vikamtia kichefuchefu, akaja kuniuliza afanyeje.

"Achana navyo," nikamwambia, nikamkabidhi jiwe. "Jiwe linatosha."

Mwezi ulipoisha nikampeleka mwenyewe kupima, natembea kwa maringo, nione huyo nesi ataniambia nini. Mpimaji wa maabara, Aroni, akasoma jibu: sita.

"Weee!" nikapiga kelele. "Mashine yenu mbovu hiyo! Rudia!"

Akarudia. Sita. Rozalia akalazwa papo hapo, midomo imempauka, wakaanza kuhangaika kumtafutia damu ya kumwongezea. Nesi akasema angeshikwa na uchungu katika hali ile, asingepona. Nikakaa chini sakafuni.

"Basi hilo jiwe ni feki," nikamwambia Aroni.

"Hata likiwa halisi, mama. Mawe mengine mekundu yana madini ya chuma kweli, na mwili unahitaji chuma kutengeneza damu. Lakini kimefungwa humo humo ndani. Loweka hata mwaka, hakitoki cha kukusaidia. Wewe mimba zako ulikuwa unakunywa maji hayo tu?"

"Na vidonge," nikasema. "Vidonge nilimeza vyote. Na mchicha, na dagaa..."

Jamani! Miaka yote hiyo nalisifia jiwe kwa kazi ya vidonge! Na wale wote walioliazima, hakuna hata mmoja aliyeacha dawa za kliniki. Aliyeacha ni Rozalia peke yake, na niliyemwachisha ni mimi, kwa mdomo wangu huu. Nikaona aibu hata kumtazama kaka yangu alipofika mbio.

Mchana damu ikapatikana, wakamtundikia. Nikaingia wodini nimejiandaa kumwomba radhi, maneno nimeyapanga kabisa. Rozalia akafumbua macho, akanishika mkono kabla sijafungua kinywa.

"Nisamehe, wifi," akasema kwa sauti ndogo. "Kuna siku mbili nilisahau kuliloweka."